Gerishom na Dawa ya Fukusi

Jumanne, 4 Machi 1986

Siku mbaya. Na mimi ndiye nimeizidisha ubaya kwa mdomo wangu.

Asubuhi gari la hoteli moja ya ufuoni lilirudisha boflo zote tulizopeleka jana. Zote! Mgeni wa Kitaliano alikata kipande, akapaka siagi, akaona fukusi watatu wamejipanga katikati ya mkate kama abiria. Alipiga ukelele mpaka wapishi wakatoka nje. Meneja ameandika barua: mdudu mmoja tena, na mkate watanunua kwingine. Si hayo tu. Bwana afya wa mji amepata habari. Atakuja kukagua Jumanne ijayo.

Mzee Stambuli, mwenye tanuri la mikate, alituita sote uani. Hakupaza sauti. Hapazi sauti kamwe, na hilo ndilo linalonitisha. Alisema tanuri hili alirithi kwa baba yake, na baba yake hakurudishiwa hata kipande maisha yake yote. Wafukizaji wa Mombasa wamesema hawana nafasi mpaka wiki tatu zipite. Akauliza kama kuna yeyote kati yetu aijuaye ile dawa ya vidonge, inayotoa hewa ya kuua wadudu ghalani.

Kitsao, mkuu wa ghala, alikuwa akitazama viatu vyake. Miezi saba sasa mimi ni msaidizi wake. Miezi saba ananiita kijana mbele ya watu, nami nina miaka thelathini na minne na watoto wawili! Nikaiona nafasi. Mkono ukainuka. Naapa, uliinuka wenyewe.

Nikasema nilisomea kazi hiyo Kilifi. Kozi ya serikali. Wiki sita.

Ukweli ni huu, na ubaki humu daftarini: mwaka 1982 nilibeba magunia siku mbili kwenye ghala moja Kilifi, nikawaona wanaume wawili waliovaa vinyago. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nakula muhogo.

Kitsao akauliza cheti kiko wapi. Nikasema kililiwa na mchwa. Watu walicheka. Mzee hakucheka. Aliniwekea mkono begani, akasema, "Mwanangu, roho yangu naiweka mkononi mwako."



Jumatano, 5 Machi

Dawa imefika. Mzee aliinunua mwenyewe kwenye duka la dawa za shamba. Mikebe minne, mirefu kama tochi. Kila mkebe una picha ya fuvu. Mmoja una mafuvu mawili, sijui kwa nini. Sitaki kujua.

Nimesoma karatasi yake mara tatu kwa kamusi ya kuazima. Heri nisingesoma. Vidonge vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa sumu. Sumu haina moshi, haina rangi. Mtu anaivuta akijiona mzima, kisha kichwa, kisha kifua, kisha hakuna kisha nyingine. Dalili yake ni harufu tu, kama ya kitunguu saumu.

Kitunguu saumu! Katika mji huu! Nikirudi nyumbani, mtaa wa Kisumu Ndogo, nilipita nyumba kumi na mbili, na kumi na moja zilikuwa zinakaanga kitunguu saumu. Nilifika nikitweta. Jedida, mke wangu, aliuliza nani ananifukuza. Nikamwambia hewa.

Ilinibidi nimweleze. Akauliza swali moja: tumeoana miaka tisa, hizo wiki sita nilizipatia wapi? Amesema nikamwambie Mzee ukweli kesho mapema. Nitamwambia. Labda baada ya Jumanne.

Kuna jambo jingine ambalo hata Jedida halijui vizuri. Ninaogopa panya. Si kidogo. Leo niliingia ghalani kupima, mmoja akasimama juu ya gunia, mnene kama paka wa sokoni, akanitazama. Hakukimbia. Nilikimbia mimi. Mlangoni nikapishana na Kitsao, nikamwambia nimesahau futi ya kupimia.

Alhamisi, 6 Machi

Sikumwambia Mzee. Alikuwa na mgeni. (Muuza maziwa.)

Leo kazi ya kuziba nyufa. Karatasi inasema kila ufa uzibwe kwa karatasi na gundi, hewa isitoke. Gundi iliyoko dukani haitoshi hata dirisha moja. Nikapata akili: nikapika uji mzito wa unga. Tanuri zima ni unga! Nilibandika karatasi za kaki kila mahali, nikasimama mbali nikatazama. Kazi safi.

Kitsao alikuja akagusa uji kwa kidole. Akauliza kama mende na panya hawataula. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Akauliza ni mwalimu gani wa Kilifi aliyenifundisha hivyo. Kitsao huyu! Pale nje kuna mkwaju, nami nilikuwa nautazama. Nikasema, "Bwana Mkwaju."

Akatoa kalamu, akaandika jina hilo kwenye kiganja chake. Pole pole. Herufi kwa herufi. Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti.

Nikaona nimwahi. Nikaenda kwa Mzee, nikamshitaki kwamba Kitsao kila siku baada ya chakula cha mchana analala ghalani, nyuma kabisa, kwenye magunia ya pumba. Mzee akajibu kwamba anajua. Miaka kumi na moja anajua. Kitsao ndiye anayefungua ghala alfajiri watu wakiwa bado vitandani, basi acha alale. Kisha akaniuliza kama sina kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya! Tena mchana kweupe!

Mzee alikuwa amekwenda msikitini. Wafanyakazi wamekwenda zao, tanuri limezimwa mpaka Jumatatu. Karatasi inasema, na imepigiwa mstari chini: kabla ya kuweka dawa, zunguka ghala lote, hakikisha hakuna mtu wala mnyama. Nilikusudia kuzunguka. Nilijifunga kitambaa kibichi usoni, nikaingia. Safu ya kwanza ya magunia, salama. Ya pili, salama. Safu ya tatu, kitu kikasogea.

Sikungoja kukijua. Nilimwaga mikebe yote minne kwenye sinia moja nikatoka mbio. Nikatia kufuli, nikabandika karatasi mlangoni, nikatundika ubao: HATARI. SUMU. USIFUNGUE MPAKA JUMATATU. Nikachora na fuvu. Limetokea kama papai, lakini maana yake inaeleweka.

Mzee aliporudi alisimama mbele ya ule ubao muda mrefu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema mtu wa elimu kama mimi si wa kuwa msaidizi milele. Funguo za ghala nibaki nazo mimi! Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nikacheka.

Nilicheka mpaka saa kumi jioni.

Saa kumi nilizunguka nyuma ya ghala kuchukua shati langu. Ukutani imeegemezwa baiskeli ya Kitsao.

Kitsao haachi baiskeli yake. Hamwazimi hata ndugu yake. Akienda msalani anaiweka mahali anapoweza kuiona. Niliwauliza mabinti wa duka la mbele kama wamemwona akitoka. Wakasema walimwona mchana akila, baada ya hapo hawakumwona tena.

Baada ya kula, Kitsao analala nyuma ya pumba.

Kile kitu cha safu ya tatu.

Hapana. Hapana, hapana, hapana.

Jumamosi, 8 Machi

Sikupata usingizi. Nilijiambia pengine amekwenda kwa miguu. Pengine tairi ina pancha. Saa moja asubuhi nilikuwa kwenye tanuri. Baiskeli iko palepale, kiti kina umande. Nikabonyeza tairi. Ngumu kama jiwe.

Nikaenda kwenye ukuta wa upande wa pumba, nikagonga mara tatu. Nikatega sikio.

Ndani, kukwaruza.

Nikagonga mara mbili. Kukwaruza mara mbili! Nikaita kwa sauti ndogo, "Kitsao?" Kimya. Kisha kukwaruza kidogo tu. Nikaweka mdomo ukutani, nikasema, kama ni wewe Kitsao, kwaruza mara moja. Kama ni panya, usikwaruze.

Ikakwaruza mara moja.

Nikaketi chini mchangani. Ndipo harufu ya kitunguu saumu ikanijia puani. Nilikimbia mpaka barabarani na viatu nikaviacha. Kumbe ni mama wa bajia, anakaanga.

Saa nne akaja Mapenzi, mke wa Kitsao. Mwanamke mrefu, mpole, bakuli mkononi limefungwa kwa leso. Aliniamkia kwa heshima. Alisema mumewe hakurudi jana, na leo alikuwa aende kwa mkwewe kuezeka paa. Akauliza kama amepewa zamu ya ziada.

Hapo mwanaume angesema. Mimi nikasema, "Mzee amemtuma."

Wapi?

"Kilifi." Ndilo jina lililokuwa karibu na ulimi.

Akanishukuru! Akanipa bakuli, akasema samaki asiharibike, mimi nile. Alipoondoka nikabaki nimeshika samaki wa kupaka wa marehemu. Nikamla. Sijui kwa nini. Nilimla wote, mpaka kichwa, huku machozi yananitoka.

Nifungue? Nikifungua, sumu itanipiga mimi. Nisipofungua mpaka Jumatatu, wataingia watu wote, watamkuta, wataniuliza kwa nini sikuzunguka. Nitasema niliogopa panya? Mbele ya hakimu?

Mchana nilirudi nyumbani, nikaanza kutia nguo mkobani. Nitavuka daraja la Sabaki, nielekee kaskazini, nifuge ndevu, nijiite Zakayo. Jedida aliniona. Nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Aliketi kitandani, akaushika ule mkoba.

"Gerishom," akasema, "kama kuna mtu mle, hata akiwa amekufa, si wa kuachiwa panya."

Nikasema najua.

"Na kama hajafa?"

Swali hilo nilikuwa sijajiuliza. Saa zote hizo! Nilikuwa nimemzika Kitsao tangu jana ili nisijiulize swali hilo.

Alisema niende kwa Mzee. Mzee yuko Mambrui kwenye harusi, harudi mpaka kesho. Funguo ninazo mimi mfukoni. Zinaniunguza paja. Nilikwenda mpaka langoni. Nikarudi. Nikaenda tena. Nikarudi.

Kesho. Asubuhi. Naapa.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nilipitia kanisani kwanza, nijitayarishe. Kosa. Mhubiri alisimama kwenye habari ya Kaini: ndugu yako yuko wapi? Kanisa limejaa, yeye akanitazama mimi. Niliondoka wakati wa sadaka, watu wakadhani nakwepa sadaka.

Kwenye tanuri niliwakuta wawili uani. Mapenzi na Mzee Stambuli. Mapenzi alikuwa amekwenda kumngojea Mzee kwake, na Mzee amemwambia hakumtuma mtu yeyote mahali popote. Mkono wa Mapenzi ulikuwa juu ya kiti cha baiskeli. Halii. Afadhali angelia.

"Kaka Gerishom," akaniuliza, "mume wangu yuko wapi?"

Macho yangu yakaenda kwenye mlango wa ghala. Nilijaribu kuyarudisha, hayakurudi. Mapenzi akayafuata. Akauona ubao. Akaelewa.

Aliurukia ule mlango kwa mikono mitupu. Mzee akamshika, huku akisema ya Rabi, ya Rabi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia Mzee akipaza sauti. Aliniita kwa jina langu.

Nitaandika yaliyofuata kama yalivyokuwa, kwa maana hata mimi siyaamini. Miguu hii, ambayo maisha yangu yote imenichukua kwenda mbali na mambo, ilikwenda upande wa pili. Nilichukua leso ya Mapenzi, nikaichovya kwenye pipa la maji, nikaifunga usoni. Nikafungua kufuli. Nikaingia.

Giza. Joto. Harufu ipo, au ni woga, sijui. Panya wakapita juu ya miguu yangu. Wazima! Wengi! Sikuwa na nafasi ya kujiuliza mbona wazima. Safu ya tatu. Ya tano. Nyuma ya pumba nikaliona koti la kaki la Kitsao, na ndani yake umbo la mtu amelala kifudifudi. Nikamgusa. Baridi. Nikamshika kwapani nikamvuta. Mzito kuliko nilivyodhani. Nikawa namwambia, pole Kitsao, pole ndugu yangu, funguo sizitaki, amka uzichukue. Nilimvuta mpaka kwenye mwanga nikaanguka naye.

Kisha sauti ya Mzee, ya chini kama kawaida: "Gerishom. Hili ni gunia."

Gunia la pumba. Limevalishwa koti. Ndilo godoro la Kitsao.

Mapenzi alikaa chini akashika kichwa. Nami hapo hapo nikasikia harufu ya kitunguu saumu, kali, kila mahali. Mengine siyajui.

Jioni, hospitali. Daktari amenisikiliza kifua mara mbili, anasema mapafu ni mazima. Akauliza kwa nini sipumui sawasawa. Nikamwambia nimebana pumzi tangu ghalani. Akasema hakuna mtu anayebana pumzi tangu saa tano mchana, niende nyumbani.

Mzee ameacha milango ya ghala wazi hewa itoke. Kitsao hajulikani aliko. Kama hakufa ghalani, amefia wapi?

Jumatatu, 10 Machi

Kitsao hakufa.

Saa nane mchana mlango wangu ulibishwa. Kuchungulia: Kitsao, na nyuma yake Mapenzi na kuku kwapani. Nilitazama dirisha. Lina nondo. Jedida akafungua mlango kabla sijaingia chini ya kitanda.

Kitsao aliketi. Alieleza bila haraka. Ijumaa baada ya kula alidandia lori la mbao kwenda Kilifi. Lori limejaa, baiskeli haikupata nafasi. Alikwenda kumtafuta Bwana Mkwaju. Alifika ofisi zimefungwa, ikabidi angoje Jumatatu, kwa binamu yake, penye pombe nyingi ya mnazi. (Paa la mkwewe, alisema, lilimtoka kichwani. Mapenzi alitazama pembeni.) Leo asubuhi ameuliza ofisi zote. Hakuna kozi. Hakuna Mkwaju. Mzee mmoja tu wa ghala alinikumbuka: hamali aliyekula muhogo siku nzima.

"Nilirudi na hasira za kukumaliza," akasema. "Nimefika nyumbani, mke wangu ananiambia uliingia."

Nikamtazama kuku.

"Uliingia kunitafuta mimi?"

"Niliingia."

"Na sumu imo?"

"Na panya," nikasema.

Alitazama kiganja chake, pale alipoandika jina. Wino ulikuwa umefutika. "Mimi nisingeingia," akasema. "Nimefikiri njia yote kutoka kwangu mpaka hapa. Kwa ajili yako wewe, Gerishom, nisingeingia."

Mapenzi akaweka kuku chini. Akauliza kama yule samaki nilimla. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri.

Kisha Kitsao akasema neno lake. Hatamwambia Mzee. Nimwambie mwenyewe kesho, kabla ya bwana afya kuja. Nikaapa. Jedida ni shahidi. Baada yao kwenda nililia kidogo, kwa raha, na kwa kuwaza kesho.

Jumanne, 11 Machi

Nilifika alfajiri nimwambie. Mzee alikuwa amevaa kanzu mpya. Akaniambia mji mzima unazungumza juu ya ushujaa wangu, hata msikitini wameniombea dua. Mtu wa namna hiyo unaanzia wapi kumwambia? Nikasema nitamwambia baada ya chai. Baada ya chai, bwana afya akafika.

Tulingojea mwanaume. Akashuka mama mmoja mfupi wa Kisii, Bi Nyaboke, buti za mpira miguuni, tochi mkononi. Hakutaka chai. Hakutaka kiti. Aliingia ghalani akaanzia pale nilipoogopa kufika.

Alitia mkono kwenye gunia la unga, akafumbua vidole. Fukusi wakatembea juu ya mkono wake kama wenye nyumba. Akamulika dari: panya wawili. Akamulika nyufa. Karatasi zangu za kaki zilikuwa zimebaki vipande vipande, kingo zimetafunwa.

"Mliziba kwa gundi gani?"

Nikasema uji wa unga.

"Umewaandalia karamu," akasema. "Wamekula gundi, hewa ikatoka yote. Ndiyo maana na wewe uko hai."

Nikataka kusema panya wamelewa tu, watakufa Alhamisi. Nilianza hata kusema. Lakini akaliona sinia, akauliza nani alimwaga mikebe minne mahali pamoja, hajui kwamba vidonge vikirundikwa hivyo vinaweza kushika moto ghala zima likateketea? Alisomea wapi mtu huyo?

Kitsao akakohoa.

Nilitazama kanzu mpya ya Mzee. Nikasema yote kwa pumzi moja: muhogo, ng'ambo ya barabara, mkwaju, safu ya tatu. 

Bi Nyaboke aliandika. Tanuri lifungwe mpaka wafukizaji wenye vibali waje. Unga wote ulioko ghalani uzikwe. Alikuwa bado anaandika, meneja wa hoteli akatuma mtu kusema mkate watachukua kwingine.

Mzee aliketi juu ya kreti tupu, kanzu inagusa vumbi. Bora angenipiga. Alisema, "Niliiweka roho yangu mkononi mwako, nawe ulikuwa unaijua mikono yako." Basi. Hakuna jingine.

Nikavua aproni nikaikunja. Nilikuwa langoni aliponiita. Alisema kwa uongo wangu angenifukuza mara mia, lakini kwa Jumapili hawezi kunifukuza hata mara moja. Nitabeba kuni. Funguo ni za Kitsao, leo na kesho na keshokutwa. Tena nisiingie ghalani hata kufagia.

Jedida amepika yule kuku. Sikuweza kumla vizuri. Nimeweka mkono juu ya Biblia: kuanzia leo nitasema ninalolijua tu. Nisilolijua nitasema silijui. Si rahisi? Ni rahisi kabisa. Nashangaa kwa nini sikufanya hivi zamani.

Jumamosi, 15 Machi

Siku nne tumezika unga. Mabega yameniisha. Lakini roho nyeupe, usingizi mzuri. Sijadanganya mtu tangu Jumanne. Kitsao aliniuliza kama najua kunoa shoka, nikasema sijui. Akanifundisha. Hakuniita kijana.

Leo saa tisa akaja Bwana Amin. Ndiye anayewapelekea kuku wa kuchinjwa hoteli za ufuoni. Mabanda yake yako Sabaki, karibu na mto. Amevaa saa ya dhahabu. Alinitafuta mimi, kwa jina! Amesikia kuna mtu wa tanurini anayeingia kwenye sumu bila kinyago. Ana tatizo. Kuna chatu anayekuja bandani. Kuku thelathini wamekwenda wiki hii, na juzi mbuzi. Urefu wake milango mitatu. Wafanyakazi wamekataa kuingia. Wiki ijayo wakaguzi wa hoteli wanakuja kutazama mabanda, na kila mtu anajua wageni hawatakula kuku aliyelala na chatu.

Nilitaka kusema sijui. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema sijui. Naapa kwa Biblia ileile.

Lakini akasema, "Bwana Gerishom." Mbele ya Kitsao! Bwana! Kisha akauliza kama niliwahi kushika chatu.

"Nilisomea Rabai," nikasema. "Wiki nane."

Kitsao alidondosha shoka.

Naanza Jumatatu. Bwana Amin atatuma gari. Nimeshapanga: chatu ana mdomo mmoja tu, na mkia hauumi. Ukimshika nyuma ya kichwa kwa haraka, amekwisha. Si jambo la wiki nane, hata alasiri moja yatosha.

Jedida anauliza nani ameing'oa kamba yake ya kuanikia nguo. Sijamjibu. Niko nayo nyuma ya nyumba, nafanya mazoezi. Nimeifunga kwenye mguu wa mbuzi wa jirani ili itembee. Mpaka sasa kamba imenishinda mara mbili, na mara ya tatu iliniangusha.